Povu la Mbwa Mzee

Kuna hukumu moja mjini Tabora ambayo hutolewa bila hakimu, bila shahidi na bila rufani. Mbwa aliyelinda nyumba kwa miaka kumi au kumi na miwili huanguka ghafula chini ya mwembe, akakakamaa, akatukutika miguu yote minne, povu likamtoka kinywani na mkojo ukamponyoka. Mtoto wa kwanza kumwona hupiga kelele kwamba mbwa ana kichaa, na kelele hiyo hutosha. Kabla ya dakika tatu kwisha, nao ndio muda ambao aghalabu ugonjwa wenyewe huja na kupita, kimekwisha patikana kipande cha mti, mpini wa jembe au jiwe, na mlinzi wa jana amekuwa mzoga. Hukumu hiyo si ya Tabora peke yake. Hutolewa Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Urambo na Ujiji, yaani katika njia nzima ya misafara ya kale. Lakini Tabora ndiyo iliyokuwa kitovu cha njia hiyo, na yafaa shauri lianzie hapo.

Si haki kuanza kwa kuwadharau wenye hofu. Kichaa cha mbwa si hekaya ya bibi wala kitisho cha kuwazuia watoto wasizurure. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama, huingia mwilini kwa jeraha, hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni, na dalili zikisha kujitokeza kwa mwanadamu karibu hapana aponaye. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihesabu watu wapatao 59,000 wanaokufa kwa maradhi haya kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Mama wa Isevya au Ng'ambo amvutaye mwanawe ndani na kufunga mlango hana lawama hata kidogo. Lawama huanza pale mlango ulipokwisha fungwa, mtoto yu salama, mbwa amelala pale pale asipoweza kumfuata mtu, na bado hapana anayetaka kuuliza swali moja kabla ya kuinua jiwe.

Swali lenyewe halihitaji elimu ya chuo. Mbwa mwenye kichaa hubadilika kwa siku nyingi, si kwa dakika. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huja akijipendekeza; huzurura mbali na kwao, huuma vijiti na mawe, sauti yake hubadilika, taya hulegea, hawezi kumeza hata maji, kisha miguu ya nyuma hupooza. Kutoka dalili za kwanza hata kufa kwake, kwa kawaida siku kumi hazipiti. Mbwa mwenye kifafa huja na dhoruba na hupona na dhoruba. Ataanguka, atatukutika dakika moja au mbili, atainuka akiyumba kama mlevi, huenda asimwone hata bwana wake kwa muda wa nusu saa au zaidi. Lakini baadaye atakunywa maji, atakula kwa pupa, ataitika jina lake, na kesho atabweka kwenye uzio kama kwamba halikumpata neno. Mbwa aliyeanguka mwezi wa Rajabu, akaanguka tena Ramadhani, na katikati ya miezi hiyo akala na kulinda kama desturi yake, hana kichaa. Angalikuwa nacho, Shaaban isingalimkuta hai.

Ni kweli kwamba mbwa mwenye kichaa naye huweza kutukutika mwishoni mwa ugonjwa. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa, ambaye hajawahi kuanguka kabla ya siku hiyo, asiguswe kwa mkono. Afungiwe peke yake mahali penye kivuli na maji, aitwe bwana mifugo, na ahesabiwe siku kumi. Na mtu yeyote aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile kutafuta chanjo, asingoje kuona mbwa atafanyaje. Haya ni matengenezo ya mtu mwenye akili na hofu pamoja. Rungu ni tengenezo la hofu iliyoachwa na akili. Tena lina hasara yake: mbwa akivunjwa kichwa na kutupwa jalalani, ubongo ambao maabara ingeupima na kusema kwa yakini kama kichaa kilikuwapo au la umeharibika, na yule mtoto aliyelambwa jana hana tena awezaye kumjulisha hali yake.

Katika mbwa mzee kuna jambo la zaidi, na hapa ndipo wengi wapendao mbwa nao hukosea, si wale wawachukiao tu. Kifafa cha kurithi kwa kawaida huanza mbwa akiwa kijana, kati ya miezi sita na miaka sita. Mbwa aliyefikisha miaka kumi bila kuanguka hata mara moja, kisha akaanza kuanguka uzeeni, mara nyingi ana sababu iliyojificha nyuma ya mianguko hiyo. Yaweza kuwa uvimbe ndani ya ubongo. Yaweza kuwa ini lililochoka lisilosafisha damu, au figo, au sukari ya damu iliyoshuka, au mshipa wa ubongoni ulioziba. Na katika mkoa huu ulimao tumbaku na pamba yaweza pia kuwa sumu: kopo la dawa ya kupulizia wadudu lililooshewa karibu na kisima, au panya aliyekufa kwa chambo cha dukani akaokotwa na mbwa mwenye njaa. Mwenye mbwa anayesema tu kwamba “ni uzee huo” amefanya nusu ya dhambi ya yule anayesema kwamba ni kichaa, maana wote wawili wametoa hukumu pasipo kuchungua. Bwana mifugo achukue damu, ausikilize moyo, atazame ufizi na macho, aulize mbwa amekula nini na amelala wapi. Mengine yatajulikana na mengine hayatajulikana, lakini kumtazama mgonjwa ndiyo heshima ya kwanza apewayo.

Mwaka 1994 jambo hili lilionekana mahali ambapo hapana aliyeweza kuokota jiwe. Katika mbuga ya Serengeti watu walishangaa kuwaona simba wakianguka, wakitukutika, nyuso zao zikicheza bila hiari, kisha wakifa. Kabla mwaka haujaisha karibu theluthi ya simba wa mbuga ile, yapata elfu moja, walikuwa wamepotea. Wataalamu walipochungua wakakuta virusi vya distempa, ugonjwa ambao chimbuko lake lilihesabiwa kuwa mbwa wa vijijini walioizunguka mbuga. Hapana aliyesema kwamba simba wamerogwa, wala kwamba wamepandwa na mashetani. Wakaja watu na darubini na vichupa vya damu, magazeti ya dunia yakaandika, na mbwa wa vijiji vya jirani wakachanjwa. Mfalme wa nyika alipoanguka aliulizwa ana nini. Mbwa wa Kanyenye aangukapo kwa dalili zile zile haulizwi. Tofauti yao haimo katika ugonjwa. Imo katika cheo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya watu walioshiba, na kwamba mji wenye wanadamu wagonjwa hauna nafasi ya kujadili mbwa. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kupita zote, na haifai kuikwepa. Lakini anayeitoa na atazame vizuri ni wanadamu gani anaowasemea. Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na wengi mno kati yao wamo katika nchi kama hizi. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba hata saba katika kila kumi wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa na kuzitumia sawasawa, na kwamba katika nchi maskini robo tatu yao hawapati matibabu yanayofaa. Dawa yenyewe, fenobabitoni, ni miongoni mwa dawa rahisi kwa bei. Gharama ya mwaka mzima yaweza isifike dola tano za Marekani. Ni nini basi kinachomtenga mgonjwa na kidonge kama hicho? Uhaba wa dawa na wa waganga wa hospitali ni sehemu ya jibu. Sehemu iliyobaki ni povu.

Povu la kifafa limeogopwa katika nchi hii kupita kisu. Louise Jilek-Aall, mganga aliyezaliwa Norway, alipofika Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuanzisha huko kliniki ya kifafa, aliwakuta wagonjwa wanaokula peke yao, wanaolala peke yao, na wenye makovu makubwa ya moto. Wengi walikuwa wameanguka juu ya mafiga, na waliokuwapo karibu waliogopa kuwagusa, kwa kuwa iliaminika kwamba anayeguswa na povu, mkojo au mate ya anayetukutika naye atapatwa. Ngozi ya mtoto iliungua mbele ya macho ya ndugu zake, si kwa kukosa upendo, bali kwa kuamini neno ambalo hapana aliyewahi kulipima. Na huko Bagamoyo, mwanzo wenyewe wa njia ya misafara, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtoto aliyeshikwa na degedege kwa homa kali ya malaria mara nyingi alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, kwa kuwa maradhi hayo yalihesabiwa kuwa ya dege na mashetani, na sindano ya hospitali iliaminika kumwua mtoto mwenye hali hiyo. Saa ambazo zingemwokoa zilipotelea kwenye mafusho.

Hapa ndipo mbwa mzee anapoingia katika shauri, wala haingii kama mgeni. Yapata miaka 2,400 iliyopita, mwandishi wa Kiyunani katika maandishi yanayohesabiwa kuwa ya Hippocrates alishindana na watu wa zama zake waliosema kwamba kifafa ni ugonjwa mtakatifu, utokao kwa miungu. Miongoni mwa hoja zake alitaja mbuzi. Mbuzi nao, alisema, hupatwa na maradhi haya, na ukipasua kichwa cha mbuzi kama huyo utauona ubongo wenyewe umeharibika. Elimu yake juu ya ubongo ilikuwa na makosa mengi, lakini hoja haijazeeka. Mbuzi hana ugomvi na miungu. Mbwa wa Tabora naye hakuvunja mwiko wa ukoo, hakukataa kutoa mahari, hakuhusudiwa kwa nyumba ya bati wala kwa mtoto aliyefaulu mtihani. Hana jirani mwenye kinyongo wala mzimu alioacha kuutambikia. Na bado huanguka kama wanadamu waangukavyo, hutukutika kama wao, huamka akiwa amechoka na kupotewa kama wao, na kidonge kile kile kiwatulizacho wao humtuliza yeye. Nani basi amemroga? Mwenye kulishindwa swali hilo hana tena haki ya kumfungia binti yake chumba cha uani kwa sababu amerogwa.

Kwa hiyo anayesema “wanadamu kwanza” amesema kweli, ila hakuifuata kweli yake hata mwisho. Mtoto anayefundishwa leo kumpiga mawe mbwa kwa sababu ya povu amefundishwa pia kumkimbia mwenzake wa darasani siku atakapoanguka. Mtoto anayemwona babu yake akimkinga mbwa jua, akiwafukuza watazamaji na kuhesabu dakika kwa saa yake ya mkononi, amejifunza bila mwalimu yote yapasayo kumfanyia mwanadamu. Hofu iliyomo ni moja, na huondoka mara moja au haiondoki kabisa.

Husemwa pia kwamba kumwuguza mbwa ni mila ya Wazungu. Njia ya misafara ina ushahidi wa kutosha juu ya hilo, na ushahidi wenyewe ni mchungu. Kweli, Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872, aliandika kwa majonzi juu ya mbwa wake Chitane aliyekufa maji kinamasini mnamo Januari 1867. Kweli, Stanley aliondoka Uingereza mwaka 1874 na mbwa watano, na majina yao yamo kitabuni. Mmoja wao, Bull, alitembea na msafara mpaka Ziwa Victoria, akafa mwaka 1876 kabla safari haijafika Ujiji. Na ni kweli kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya frasila mbili mbili katika njia ile ile, maelfu kwa maelfu, walizikwa ovyo au hawakuzikwa, na leo hapana ajuaye makaburi yao. Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walikutana na misafara iliyoshikwa na ndui, na walioshindwa kutembea waliachwa kandokando ya njia. Mtu ana haki ya kukasirika asomapo jina la mbwa mahali ambapo jina la babu yake halimo. Lakini hasira hiyo ielekezwe panapostahili. Mbwa hakuiandika vitabu ile. Naye Mnyamwezi hakungoja kufundishwa na mgeni thamani ya mbwa: alikwenda naye mawindoni, alimwachia boma la ng'ombe usiku, na mwindaji aliyempoteza mbwa mwema alijua amepoteza mkono wake. Kilichokuja na misafara si mapenzi ya mbwa. Kilichokuja ni sheria ya safari, kwamba aliyeanguka aachwe ili mzigo ufike. Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake ya kikatili wakati pembe za ndovu zilipotakiwa pwani kabla ya masika. Wapagazi wamekwisha, pembe zimekwisha, reli imefika. Haijulikani ni mzigo gani unaowahiwa leo hata anayeanguka mbele ya nyumba yake mwenyewe aachwe au amalizwe.

Wengine huleta dini, nao hukariri methali kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Tabora ni mji wa Waislamu wengi tangu kale, na hoja ya tohara ni ya kuheshimiwa. Lakini sheria ya tohara imekaa mahali pake: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga, nguo iliyolowa mate huoshwa, na kumweka mbwa kwa ulinzi, mawindo au mifugo kumeruhusiwa. Hapana mahali ambapo najisi ya mate imekuwa idhini ya kupasua kichwa. Kila mwanafunzi wa chuoni amesikia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa madhambi yake; na kila msomaji wa Sura ya Pango anamjua mbwa aliyelala kizingitini pamoja na vijana waliokimbilia pangoni. Anayetaka kujitenga na mate ya mbwa avae mpira wa mkononi, au amfunike kwa gunia, kisha aoge. Dini haikumtaka zaidi ya hayo, na haikumruhusu pungufu.

Imebaki dawa, na hapa historia imefanya mzaha ambao yafaa uzingatiwe. Mwaka 1857, mwaka ule ule ambao Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, Charles Locock alitangaza mjini London kwamba bromidi ya potasiamu imepunguza mianguko ya wagonjwa wake. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kifafa iliyofanya kazi kweli. Mwaka 1912, mwaka ule ule ambao reli ya kati ilifika Tabora, Alfred Hauptmann huko Ujerumani alitoa habari za nguvu ya fenobabitoni. Basi dawa mbili zilizo kuu mpaka leo katika kumtibu mbwa mwenye kifafa zina umri sawasawa na mgeni wa kwanza wa Kizungu katika mji huu na garimoshi lake la kwanza. Mgeni alifika, garimoshi likafika, bia ikafika, kodi ikafika. Habari za dawa hizo hazijafika bado katika nyumba nyingi zilizo hatua chache kutoka stesheni.

Na kuhusu shutuma kwamba kidonge cha mbwa ni kidonge kilichoibwa kwa mtoto: mwenye mbwa hana haki ya kwenda kupanga foleni zahanati na kuchukua dawa ya umma kwa jina la uongo. Hilo halina utetezi. Anunue kwa fedha zake, kwa cheti cha daktari wa mifugo. Na pale fenobabitoni ilipo adimu, bromidi ipo kwa ajili hiyo hasa, kwa kuwa wanadamu wameiacha kwa muda mrefu wakapata zilizo bora kwao, lakini mbwa bado hufaidika nayo. Ina sharti moja ambalo jiko la Tabora halina budi kulijua: chumvi. Mbwa anayepewa leo vichwa vya dagaa wa chumvi kutoka Kigoma na kesho ugali mtupu, bromidi yake hupanda na kushuka mwilini pamoja na chumvi hiyo, na mianguko hurudi, na bwana wake husema kwamba dawa ni bandia. Chakula kiwe cha namna moja kila siku. Fenobabitoni nayo ina masharti yake. Hutolewa mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile, kwa kipimo alichokiandika daktari wala si alichokisia jirani. Wiki mbili za kwanza mbwa atayumba, atalala sana, atakunywa na kula kupita desturi, hayo hupungua. Ini lake lipimwe mara kwa mara, hasa kwa mzee. Na kosa kubwa kupita yote ni kuiacha ghafula kwa kuwa mwezi mzima umepita salama. Mwezi huo umepita salama kwa sababu ya dawa, na aiachaye kwa siku moja huweza kumletea mbwa mwanguko usiokoma.

Anapoanguka, kazi ya kufanya ni ndogo, na wengi huiona ndogo mno hata wakaongeza upuuzi. Wako wanaotia kijiko kati ya meno. Wako wanaomfukiza moshi, wanaommwagia ndoo ya maji usoni, wanaomvuta ulimi wakidhani ataumeza. Ulimi haumezwi, na mkono ulioingia katika kinywa kinachotukutika utatoka umejeruhiwa na mnyama asiyejua alitendalo. Kisha jeraha hilo hilo litaletwa kuwa ushahidi kwamba alikuwa na kichaa. Mawe na viti viondolewe karibu naye, avutwe kwa miguu ya nyuma au kwa gunia kama yu karibu na moto au ngazi, kelele zikome, watu watawanyike. Dakika zihesabiwe kwa saa, kwa kuwa moyo wenye hofu huhesabu dakika moja kuwa kumi. Zikipita tano naye hajatulia, au akianguka mara ya pili na ya tatu siku ile ile kabla hajapata fahamu, hiyo ni hatari ya kufa. Mwili huchemka, na apozwe kwa maji ya kawaida tumboni na nyayoni wakati anapelekwa kwa daktari, ambaye anaweza kumtia diazepamu kwa njia ya haja kubwa. Akiamka apewe nafasi. Katika nusu saa hiyo haoni vizuri, hamjui mtu, hugonga kuta, na asiyejua hudhani anashambulia. Watoto wakae ndani mpaka aitike jina lake. Na daftari la senti chache litundikwe nyuma ya mlango, liandikwe tarehe, saa, muda wa mwanguko, na alichokula siku hiyo. Daktari hupata faida zaidi katika daftari hilo kuliko katika masimulizi ya watu kumi waliokuwapo.

Itafika siku dawa itashindwa. Uvimbe wa ubongo hauyeyuki kwa bromidi, na ini lililokwisha halirudi. Mbwa atakapokuwa anaanguka kila siku, hasimami, hali, hamjui tena aliyemlea, kumng'ang'ania ni kujipenda nafsi, na wapenzi wa mbwa waambiwe hivyo bila kufichwa. Lakini kwisha kwake kuwe kwa sindano ya daktari, alale kwanza kisha moyo usimame, mbele ya mtu anayemjua. Kusiwe kwa chambo cha sumu ambacho humuua kwa mitukutiko mibaya kuliko ile iliyokuwa ikimsumbua, wala kwa fimbo ya kijana aliyepewa shilingi elfu mbili na kuambiwa ampeleke porini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekwisha kataza kumtesa mnyama bila sababu, nayo haikuandika kwamba mbwa mzee ametolewa.

Mpwapwa, kituo mashuhuri cha misafara, kumekuwa na utafiti wa mifugo tangu zama za Wajerumani. Morogoro, ambako njia ile ilipita karibu, Chuo Kikuu cha Sokoine hufundisha madaktari wa wanyama. Chanjo ya kichaa ipo, na imeonekana kwamba pale mbwa saba katika kumi wanapochanjwa kila mara, kichaa hukosa njia ya kupita na hufifia. Kila nyumba yenye mbwa mjini Tabora inaweza kuwa na cheti kimoja chenye tarehe ya chanjo na muhuri wa bwana mifugo. Cheti hicho kikiwapo ukutani, mtoto akapiga kelele kwamba mbwa ana kichaa, mtu mzima ataingia ndani, atakisoma, na atatoka akiwa na saa mkononi badala ya jembe.